JINA LILIKUWA BADO LIMEANDIKWA

Hapa Kiriaini mvua imenyesha usiku kucha, wakulima wa chai wanatabasamu, na hali ya barabara zetu mnaijua wenyewe.

Leo nataka kuwaambia habari ya kompyuta. Najua kuna atakayesema, "Pasta, sisi tulikuja kulishwa Neno." Nivumilie kidogo, Neno limo ndani. Fungua Nehemia 4 mstari wa 2, kisha weka kidole kwenye Isaya 43 mstari wa 1. Tutavihitaji vyote viwili.

Kule Nehemia, Sanbalati anawacheka watu wanaojenga ukuta. Anauliza kama kweli mawe yaliyoungua, yaliyofukiwa kwenye takataka, yanaweza kupata uhai tena. Ndugu yangu, swali hilo halijazeeka. Kila mtu anapoinama kuokota kitu ambacho wengine wamekwisha kukihukumu, kuna Sanbalati mahali anacheka.

Mwaka jana mama mmoja mjane wa kanisa letu aliamua kusafisha stoo ya marehemu mume wake ili afuge vifaranga. Yeye mwenyewe amenipa ruhusa niandike haya, lakini jina lake ninalihifadhi. Sisi humwita Cucu tu. Nilipofika kumtembelea nilimkuta mnunuzi wa vyuma kuukuu ameshatundika mizani langoni. Pampu ya kunyunyizia kahawa ilikuwa imepimwa, mabati matatu yamepimwa, na juu ya mizani kulikuwa na kitu bapa cha rangi ya kijivu, upana wa kama sentimita 40 kila upande na unene wa kama sentimita 7. Bei ilikuwa imeshatajwa: shilingi mia tatu na hamsini.

Nikafuta vumbi kwa kiganja. Maandishi ya mbele yakasema: SPARCstation 5.

Kabla Bwana hajaniita na kunipeleka chuo cha Biblia, nilikuwa fundi wa redio na televisheni. Mashine ya namna hiyo nilikuwa nimeiona kwenye majarida tu. Nikamwambia yule ndugu, "Hii ishushe tafadhali. Hiyo mia tatu na hamsini nitampa Cucu mimi."

Cucu akacheka, kicheko kisicho na furaha. "Pasta, chukua bure. Huyo ndiye mke mwenza wangu."

Nilidhani ni utani. Halafu akanieleza. Mzee alikuwa akifanya kazi Nairobi, kwenye idara ya kompyuta ya ofisi moja. Alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, na mwezi mwingine hakuja. Watoto walizaliwa yeye akiwa na mashine. Karo ilichelewa yeye akiwa na mashine. Ofisi ilipobadilisha kompyuta zake mwaka wa 2003, wenzake walichukua viti na makabati. Yeye aliomba hii. Akaileta juu ya matatu, akaiweka stoo, na kila Krismasi akawa anaifuta vumbi kwa kitambaa. Hakuiwasha hata siku moja, kwa sababu hakuwa na skrini yake wala kibodi yake. "Miaka yote hiyo," Cucu akasema, "hakuna siku aliniambia ilikuwa na nini ambacho mimi sikuwa nacho."

Wapendwa, nilibeba ile mashine kwenda nyumbani nikijua nimebeba zaidi ya chuma.

Sasa nikueleze ni kitu gani. Kampuni ya Sun Microsystems ilianzishwa California mwaka wa 1982. Jina hilo ni herufi za mwanzo za mtandao wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambako mwanafunzi aitwaye Andreas Bechtolsheim alikuwa ameunda kompyuta ya kwanza yenye jina hilo. Ziliitwa wakisitesheni: kompyuta ya mtu mmoja mezani, lakini yenye nguvu za kufanya kazi za wahandisi, wachora ramani na wanasayansi. SPARCstation ya kwanza ilitoka mwaka wa 1989, bapa kama boksi la pitsa. Namba 5, kama hii ya Cucu, ilitoka mwaka wa 1994, na bei yake ilihesabiwa kwa maelfu ya dola. Watoto wenu wanaopenda filamu ya Toy Story ya mwaka wa 1995 waambieni kwamba picha zake zilikokotolewa na kompyuta 117 za Sun zilizofanya kazi usiku na mchana.

Mwaka huo wa 1995, Kenya ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuunganishwa na intaneti. Safaricom tunayoijua ilikuwa bado miaka mitano mbele. Kwa hiyo kijana wa kutoka mashamba ya kahawa ya Mathioya aliyekabidhiwa mashine kama hii jijini Nairobi alikuwa amekabidhiwa kitu kikubwa. Leo Sun yenyewe haipo, ilinunuliwa na Oracle mwaka wa 2010. Na simu iliyo mkononi mwako sasa hivi ina nguvu kuishinda ile mashine mara nyingi sana.

Nilimwita kijana mmoja anisaidie. Wengi wenu hapa mnamfahamu, kwa hiyo sitamtaja. Alikuwa anasomea diploma ya umeme, karo ikakatika mwaka wa pili, akarudi nyumbani, na nyumbani chupa ilikuwa inamsubiri. Sisi wa pande hizi, Murang'a na Nyeri, tunajua pombe haramu imetufanya nini. Mimi mwenyewe nimesimama kwenye makaburi ya vijana ambao ningepaswa kuwafungisha ndoa.

Alikuja. Asubuhi mikono yake ilitetemeka, haikuweza kushika chuma cha solda. Basi tukapanga hivi: asubuhi tunasafisha, mchana tunachomelea. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Tulitoa mavi ya panya. Tulitoa kiota cha mende. Tulipiga bodi brashi na spiriti mpaka ikaonekana kijani tena. Kwenye sehemu ya kupokea umeme tulikuta kapasita mbili zimevimba, tukazibadilisha. Na hatukuichomeka moja kwa moja kwenye stima. Fundi wa redio anajua: kitu kilicholala miaka 20 ukikiamsha kwa pigo moja la volti 240, unaweza kukizika. Tulifunga balbu ya kizamani ya wati 100 kwenye njia ya umeme, ili kama ndani kuna shoti, balbu ibebe pigo badala ya mashine. Tukawasha. Balbu ikamulika ghafla, ikafifia, na feni ikaanza kuzunguka.

Kijana akaruka juu. Mimi nikasema haleluya. Mama mchungaji akatoka jikoni kuuliza nani ameokoka.

Lakini kuwaka siyo kupona. Mashine hizi zina uzuri mmoja: ukiziwasha bila kibodi, zinaongea kupitia tundu la waya lililo nyuma. Tulinunua adapta pale Luthuli Avenue, Nairobi, tukaunganisha na laptopu, tukasubiri. Maneno yakaanza kutokea. Ilijitambulisha ni aina gani. Ilitaja kumbukumbu iliyo nayo. Na ilipofika mahali pa kujitaja yenyewe ni ipi, iliandika herufi moja tu, mfululizo: ff, ff, ff, ff, ff, ff. Chini yake ikatoa onyo kwamba kitambulisho chake si halali.

Ilikuwa imesahau jina lake.

Nielewe vizuri. Ndani ya mashine hii kuna chipu ndogo inayotunza saa na kitambulisho. Kila mashine ina namba yake, hakuna mbili zinazofanana. Programu nyingi za gharama za wakati ule zilifungwa kwa namba hiyo, zikikosa namba zinakataa kufanya kazi. Ndani ya hiyo chipu kuna betri iliyozikwa kwenye plastiki ngumu, na betri hiyo ilitengenezwa kudumu miaka kama 10. Ikifa, mashine haiharibiki. Kichwa chake kizima, mikono yake mizima. Inasahau tu ni nani.

Na bado chini ya lile onyo kulikuwa na neno moja dogo, likisubiri amri: ok.

Kijana akalitazama muda mrefu. Akaniuliza, "Pasta, kama haijui ni nani, mbona bado inasema ok?"

Wapendwa, nimehubiri miaka mingi, na ni mara chache nimeulizwa swali kama hilo.

Ni yeye aliyeona jambo ambalo lilituokoa. Juu ya ile chipu iliyokufa kulikuwa na lebo ndogo ya karatasi yenye mistari na tarakimu. Tarakimu hizo ndizo jina lake! Kiwanda kiliandika kwa nje kile kile kilichowekwa ndani. Ndani palikuwa pamefutika, nje palikuwa bado pamesimama. Lakini ili kufikia betri ilibidi tukwangue juu ya chipu, na lebo ingeharibika. Kwa hiyo kwanza aliinakili kwenye daftari mara tatu, nami nikaikagua mara tatu, ndipo tukashika tupa.

Kazi ya kukwangua ni ya subira. Upande mmoja wa chipu una betri, upande wa pili una fuwele inayohesabu saa. Ukikata upande usiofaa, umeua saa. Tulikwangua siku mbili mpaka nyaya mbili nyembamba kama unywele zikatokea. Tukaikata ile betri ya zamani, tukachomelea kishikio cha betri mpya, ile ya mviringo kama sarafu inayotumika kwenye rimoti ya gari. Ilipatikana hapa hapa sokoni. Mikono yake siku hiyo haikutetemeka. Niliangalia.

Halafu tukairudishia jina. Kitambulisho chote ni namba 16 fupi. Namba sita kati ya hizo ni anwani ya mtandao, na tatu za mwanzo wa anwani hiyo ni za ukoo: mashine za Sun za wakati ule zinaanza na 8, 0, 20. Tatu zinazofuata ni za kwake peke yake. Na ile ya 16 ni shahidi. Inakokotolewa kutokana na zile 15 zilizotangulia. Ukikosea hata moja, shahidi anakataa na mashine inakataa zote. Mara ya kwanza ilikataa. Kijana akarudia, polepole, akitamka kila namba kwa sauti. Tukazima. Tukaiacha usiku kucha bila umeme. Asubuhi tukawasha, na pale palipokuwa na ff ff ff pakasimama namba zile zile za kwenye lebo.

Sisi Wagikuyu hili tunalielewa. Mtoto anapozaliwa tunamwita kwa jina la guka au cucu wake, na aliyekwenda anakuwa amerudi nyumbani. Mwili mpya, jina la zamani.

Ilibaki diski. Ilianza kuzunguka na sauti kama kinu cha mahindi, mistari ikapita kwenye skrini, tukangoja. Mwishowe ikasimama mlangoni, mahali pa kuomba jina la mtumiaji na neno la siri. Mashine hizi zinapofika mlangoni hutaja kwanza jina ambalo mtunzaji wake amezipa. Si namba ya kiwanda hiyo, ni jina la kuchagua mtu mwenyewe, na liko kwenye diski, kwa hiyo kufa kwa betri hakukuligusa.

Jina lenyewe lilikuwa: mathioya.

Kijana alitaka tutafute njia ya kuingia. Inawezekana, na yeye angeweza. Nikamwambia hapana. Zilizomo humo ni kazi za ofisi na huenda ni habari za watu, na nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka wa 2019. Na hata kama isingekuwepo, mlango wa mtu ni mlango wa mtu. Tulikomea hapo. Nikampigia Cucu.

Alikuja na miwani yake. Nikamwonyesha ule mstari. Akausoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kama anavyosoma Biblia.

"Hiyo ni nini, Pasta?"

"Ni jina la mashine, Cucu. Ni yeye aliyeipa."

Akanyamaza. Sisi tulio hapa tunajua Mathioya ni mto unaoteremka kutoka Nyandarua, lakini kwa Cucu ni zaidi. Shamba lao linaishia mtoni.

"Kwa hivyo kila asubuhi kule Nairobi alikuwa anaona hili?"

"Kila mara akitaka kuingia kazini. Hawezi kuingia bila kulipita."

Akakaa chini. Baada ya muda akasema, "Na mimi nilidhani alikuwa ametusahau."

Sikuhubiri. Kuna wakati mtumishi anatakiwa kufunga mdomo. Kijana alipotaka kuizima, Cucu akamshika mkono: "Ngoja kwanza. Iache kidogo."

Sasa nisikilize vizuri, hasa nyinyi wanaume. Sisemi kwamba jina kwenye skrini linalipa karo. Halilipi. Miaka ambayo mama huyu alilea watoto peke yake ilikuwa miaka kweli, na hakuna mashine inayoweza kuirudisha. Mzee angemwambia kwa mdomo wake, ingekuwa bora mara mia. Kama kuna jina unalolibeba moyoni, usiliandike mahali ambapo mwenye jina hawezi kulisoma. Leo jioni mpigie simu. Lakini pia nasema hivi: Cucu hamwiti tena mke mwenza. Juzi nilimsikia akimwambia jirani, "Ile ni Mathioya yetu."

Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza kwa heshima zote, "Pasta, hii kitu itatuletea nini?" Ni swali la haki. Nilitumia shilingi 6,850 za mfukoni mwangu, na mashine haitaleta hata shilingi moja. Ofisi ya zamani ya mzee tuliipata kwa simu, wakatuomba tufute diski, na kijana akaifuta yote. Cucu alishakuwa ameona alichohitaji kuona. Kisha tukaweka programu endeshi ya NetBSD, ambayo watu wa kujitolea wameitunza tangu mwaka wa 1993 na hutolewa bure, na mashine tukaiita jina lile lile. Jumamosi watoto wanakuja kuona kompyuta ikiwa wazi, waya kwa waya, na mwalimu wao ni yule kijana.

Na yeye? Nitakuambia ukweli, kwa ruhusa yake. Mwezi wa nne alirudi kwenye chupa, wiki mbili hatukumwona. Kisha Jumamosi moja akaja, mikono inatetemeka. Tukampa brashi na spiriti. Asubuhi tunasafisha, mchana tunachomelea. Mpango haujabadilika.

Kwa hiyo leo ondoka na mambo matatu:

1. Kabla hujaweka mtu kwenye mizani, futa vumbi usome kilichoandikwa. Mnunuzi wa vyuma hakudanganya kuhusu uzito. Hakujua tu anapima nini.

2. Usimwamshe aliyelala muda mrefu kwa pigo moja. Weka balbu katikati. Wewe mzazi, wewe mchungaji, kubali kubeba pigo la kwanza ili asiungue.

3. Kusahau jina siyo kutokuwa na jina. Isaya 43:1 inatufundisha kwamba Mungu aliyetuumba ndiye anayetuita kila mmoja kwa jina lake na kutuhesabu kuwa wake. Huenda ndani umefutika kabisa, kila mahali ff ff ff. Aliyekutengeneza aliandika mahali ambapo betri yako haifiki. Na kama bado unaweza kumjibu Mungu kwa neno moja dogo, hata kama hujui wewe ni nani tena, hilo neno linatosha kuanzia.

Kijana wangu, hilo ndilo jibu la swali lako. Samahani limechelewa.

Tuombe. Baba, kuna mtu anasoma haya akiwa ameshatundikwa kwenye mizani na bei yake imetajwa. Mshushe. Kuna mjane anayebeba swali ambalo aliyepaswa kulijibu amelala kaburini. Mpe amani, hata kwa njia asiyoitarajia. Kuna mkono unaotetemeka asubuhi hii. Uushike, na mchana upe kazi. Katika jina la Yesu.

Kama una mtu ambaye wengine wamemhesabu takataka, andika jina lake la kwanza hapo chini. Tutayaita yote kwenye maombi ya Ijumaa, moja baada ya jingine, polepole, kwa sauti.